Binti Anaporudi Kwao: Kadhia ya Wasichana wa Gusii

Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mabasi yanayotoka Mwembe Tayari kuelekea Kisii hujaa familia nzima nzima. Hao ni majirani zetu. Tunaishi nao mlango kwa mlango Kisauni, Likoni na Changamwe. Wamo miongoni mwao walimu wa watoto wetu na wauguzi wanaotupokea hospitalini. Waendako ni kwenye vilima vya Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira, na wengine hushuka Ogembo, mji uliokuwa makao makuu ya iliyokuwa Wilaya ya Gucha, katika nchi ya ndizi, chai na miwa. Wanakwenda kuwaona wazazi, kukagua mashamba na kula pamoja na jamaa. Kuunga udugu ni jambo jema mbele ya kila mwenye dini, na hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa kwenda kwao.

Ila katika safari hizo hizo huwamo wasichana wa miaka minane, tisa au kumi ambao hawakuambiwa yote wanayoyaendea. Likizo ya Desemba ndiyo majira ya kukeketwa katika Gusii, na desturi ya kuwapeleka wasichana wa mijini kwa bibi zao ili wafanyiwe huko si siri tena. Msichana hulala kwa bibi, huamshwa alfajiri, na anaporudi mjini mwezi wa Januari na kuvaa sare yake ya shule huwa ameonywa asimwambie mtu yaliyompata.

Juma hili tuitazame kadhia hiyo kupitia kwa mwanamke aliyetoka jirani na huko, akaenda mbali, akasoma, kisha akarudi kwao kuikabili. Jina lake ni Kakenya Ntaiya. Si Mkisii. Ni Mmasai wa kijiji cha Enoosaen, katika sehemu ya Transmara ya Kaunti ya Narok, nchi inayopakana na Gusii upande wa kusini. Habari zake amezisimulia mwenyewe hadharani mara nyingi, kwa hiyo hatumfichulii jambo. Nimeona kisa chake kinatufaa kwa sababu kinaonyesha vipi mtu hurudi kwao na kusikilizwa, na pia kwa sababu kuna mahali ambapo dawa yake, ikipelekwa Ogembo kama ilivyo, haitoshi.

Kwanza tuijue hali. Serikali ya Kenya hufanya kila baada ya miaka kadhaa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya. Ule wa mwaka 1998 ulikuta wanawake 38 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 15. Hiyo ni shuka kubwa kwa muda wa miaka 24. Lakini miongoni mwa Wakisii hesabu ilikuwa 96 katika kila 100 mwaka 2008 na 2009, ikawa 84 mwaka 2014, na 77 mwaka 2022. Inashuka, kweli, ila kwa mwendo wa kobe. Na hili ndilo linalonishangaza zaidi kuliko lote, kwa sababu Wakisii ni watu wa shule. Ukiwatafuta walimu, mawakili, wahasibu na madaktari katika nchi hii, utawakuta wao katika safu za mbele, wanaume kwa wanawake. Tumezoea kusema kwamba ujinga ndio mama wa mila mbaya. Gusii inatulazimisha kufikiri tena.

Zamani jambo lenyewe lilikuwa la hadhara. Wasichana walikwenda kwa ngariba, ambaye kwa Ekegusii huitwa omosari, wakarudishwa kwa nyimbo za kina mama, wakawekwa ndani kwa muda, wakafundishwa, kisha wakatoka wakiwa na hadhi mpya. Mapadre wa Nyabururu na wamisionari wa Sabato wa Nyanchwa walihubiri katika nchi hiyo tangu miongo ya mwanzo ya karne iliyopita, watu wakabatizwa kwa maelfu, na ada ikabaki pale pale. Kilichobadilika ni sura. Umri wa wasichana umeshuka. Nyimbo zimenyamaza kwa kuiogopa sheria. Na mahali pa ngariba mwenye wembe pameshikwa, katika nyumba nyingi, na muuguzi mwenye glavu na sindano ya ganzi, anayekuja nyumbani kabla ya mapambazuko, akafanya kazi yake, akalipwa na kuondoka. Wazazi hujiambia kwamba sasa ni salama, kumbe kilichosalimika ni dhamiri yao tu. Hakuna katika elimu ya tiba ugonjwa unaotibiwa kwa kumkata msichana mzima mahali asipougua.

Kuna neno moja inafaa msomaji alijue. Msichana wa Kigusii ambaye hajakeketwa huitwa egesagane. Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kuionja sumu ya neno hilo bila ya mkalimani, kwa kuwa lugha zetu ni ndugu. Mtu katika Ekegusii huanza na omo-, kama sisi tunavyosema mtu, mke, mwana. Bali ege- au eke- ni mwenzake wa ki- yetu, ile ya kitu, na ile tunayoitumia tunapotaka kumdunisha mtu tukamwita kijitu. Basi msichana ambaye hajakatwa, kwa sarufi ya wanaomkejeli, hajahesabiwa katika ngeli ya watu. Jina hili hufanya kazi ambayo hata wembe hauifanyi. Hutamkwa kisimani, hutamkwa na wasichana wenzake darasani, na hutamkwa na wifi siku ya ugomvi jikoni, miaka 20 baada ya harusi. Mama wengi wa Gusii wanaowapeleka binti zao hawana chuki na binti hao. Wanalikimbia neno.

Sasa turudi kwa Bi Kakenya. Alizaliwa mwaka 1978, akiwa wa kwanza katika watoto wanane. Alipokuwa na umri wa kama miaka mitano alikwishaposwa, na mchumba alipopita, wakubwa walimwonyesha: yule ndiye mumeo. Baba yake alikuwa askari polisi mjini, akirudi nyumbani kwa nadra. Mama alilima na kufuga. Baba alipokuja aliuza ng'ombe na mazao, na mama hakuwa na la kusema kwa kuwa mwanamke hakuhesabiwa kuwa na mali. (Hapa nasimama kidogo. Katika sharia yetu mali ya mke ni yake, na mume hana idhini ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Tungeyajua haya majumbani mwetu kama tunavyoyasoma madrasa, tungekuwa na haki zaidi ya kumnyoshea Mmasai kidole.) Mama huyo ndiye aliyewatia wanawe shule, na binti akatamani kuwa mwalimu, kwa sababu walimu walivaa vizuri na hawakushinda shambani.

Akajua kwamba siku atakayokatwa ndiyo siku masomo yatakapokoma, maana baada ya hapo ni ndoa. Akiwa na umri wa kama miaka 13 alimwendea baba yake, jambo ambalo binti hakulizoea, akamwekea sharti: nitakubali kukatwa ikiwa utaniacha nirudi shule na kumaliza sekondari, ukikataa, nitatoroka. Baba akapima. Binti akitoroka bila ya kukatwa, aibu ya baba ingedumu kijijini maisha yake yote. Akakubali. Binti akakatwa mbele ya watu, akazimia, akauguzwa, na baada ya majuma matatu akarudi darasani.

Nimekisoma kisa hiki mara kadhaa, na kila mara hapo ndipo ninapokwama. Watu husifu ujasiri wa mtoto yule, na anastahiki. Lakini tutazame ni bei gani. Mtoto wa miaka 13 alilipa kwa nyama ya mwili wake ada ya kitu ambacho ndugu zake wa kiume walikipata bure. Mkataba ambao upande mmoja una mtu mzima mwenye kila kitu, na upande wa pili mtoto asiye na chochote isipokuwa mwili wake, si mkataba kwa fikihi yoyote niliyosomeshwa.

Alimaliza sekondari, akapata nafasi ya chuo Marekani, katika jimbo la Virginia. Nauli hakuwa nayo, na baba yake wakati huo alikuwa mgonjwa wa kiharusi. Ilimbidi aiendee jamii yake yenyewe. Alikwenda kwa mzee mwenye kauli kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa kwa imani ya kwao habari njema huja asubuhi, na anayekuja saa hiyo haambiwi hapana. Akamwomba amsaidie kama ambavyo angemsaidia mtoto wa kiume. Wanaume wa kijiji wakakutana, fedha zikachangwa, na mwaka 2000 akasafiri. Naye akaahidi kwamba atarudi.

Huko chuoni, kwa maneno yake mwenyewe, ndiko alikokuja kufahamu kwamba alichofanyiwa ni kinyume cha sheria ya nchi yake, na kwamba hakupaswa kutoa sehemu ya mwili wake ili apate elimu, kwa kuwa elimu ilikuwa haki yake tangu mwanzo. Wengi wakifikia hapo hubaki huko huko, wakaandika vitabu vya kuwatukana waliowalea. Yeye aliona kwamba ana deni. Wale wazee waliompeleka ndio wale wale walioisimamia mila iliyomkata, na hakulitenga moja na jingine.

Alipowauliza wanawake wa kijiji wanataka nini, walitaka shule ya wasichana. Msichana akibakwa au akishika mimba njiani kwenda shule ya mbali, anayelaumiwa ni mama. Wanaume walipendelea shule ya wavulana. Jibu lake kwao linafaa kuwekwa katika hazina ya hekima za wanawake wa Afrika Mashariki. Aliwaambia kwamba wapo wanaume wa kijiji hicho waliokwenda vyuoni kabla yake; hao na wawajengee wavulana, yeye atawajengea wasichana. Hoja haikuwa na pa kupenya. Akawataka wamwonyeshe kwamba wamekubali kwa dhati, nao wakatoa ardhi. Shule ikafunguliwa mwaka 2009, wakati yeye bado anakamilisha shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyoipata mwaka 2011. Kufikia mwaka 2012 walikuwapo wasichana 125.

Na sharti la kuingia ni hili: mzazi aahidi kwamba binti huyo hatakeketwa wala hataozwa akiwa mtoto. Hapo ndipo alipoupindua ule mkataba wa utotoni. Yeye aliambiwa, kubali wembe upate shule. Baba wa leo wa Enoosaen anaambiwa, uache wembe binti yako apate shule. Bei imehama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtu mzima. Hakuwataka wazee wakiri kwamba mababu zao walikuwa waovu. Aliwataka wachague kati ya vitu viwili wanavyovipenda, na kimoja chao amekishika yeye mkononi.

Basi je, binti wa Ogembo aliyesoma, akarudi kwao, afanye vivyo hivyo? Hapa ndipo ugumu ulipo. Enoosaen shule ilikuwa adimu, kwa hiyo ilikuwa na bei. Ogembo shule zimejaa kila kilima. Mzazi wa Kigusii humkeketa binti yake Desemba na kumlipia karo Januari, wala haoni kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Tena Enoosaen palikuwa na wazee wa kukabiliwa, na baraza la kusimama mbele yake. Gusii jambo hili limekuwa la wanawake na la siri. Ukimwuliza baba, atasema hayo ni mambo ya kina mama. Ukimwuliza mama, atasema bibi ndiye aliyemchukua mtoto. Bibi naye atasema mwanangu wa kiume alinipa fedha za muuguzi. Mtu anayerudi kuikabili mila hiyo hana mlango wa kubisha, kwa sababu milango yote ni ya kwao mwenyewe.

Sheria ipo, na ni kali. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 inamshika mkeketaji, ajapokuwa daktari au mkunga. Inamshika aliyemsaidia, aliyetoa nyumba yake, na aliyejua akanyamaza. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Na ikiwa msichana atakufa, kifungo cha maisha. Ridhaa ya aliyekatwa si utetezi. Kipo pia kifungu ambacho watu wachache wanakitaja, nami nakiona kuwa kimeandikwa na mtu aliyeyajua maisha ya wanawake: anayemkejeli mwanamke kwa kutokukeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke huyo, naye ana kosa, na adhabu yake haipungui miezi sita gerezani au faini ya shilingi 50,000. Maana yake lile neno la kisimani sasa lina bei mahakamani. Mwaka 2017 daktari mmoja mwanamke alikwenda Mahakama Kuu kutaka sheria yote ifutwe kwa hoja ya uhuru wa mwanamke mtu mzima. Tarehe 17 Machi 2021 mahakama ikamkatalia.

Na tusidhani kwamba haya ni ya Wakristo wa bara na sisi tumesalimika. Katika hesabu za Kenya, wanaokeketa zaidi ya wote ni ndugu zetu Wasomali, Waislamu watupu, na hapa hapa Pwani yetu, Tana River, ada hii ipo kwa Waorma na Wawardei. Wakisii wanaifanya wakiwa Wasabato na Wakatoliki, Wasomali wakiwa Waislamu, na kila mmoja huisingizia dini au heshima kwa kadiri ya mazingira yake. Lugha yetu nayo ina lawama hapa. Tumeliazima neno tohara, lenye maana ya usafi, tukalivisha jambo hili, kana kwamba aliyeumbwa na Mola wake bila ya kukatwa alitoka na najisi. Nashukuru kwamba neno ukeketaji limeenea, kwa kuwa kukeketa ni kukata kwa kitu butu, na neno halidanganyi.

Masheikh wa zamani wamezungumza mengi juu ya suala hili, na hadithi zinazotajwa juu yake wanazuoni wengi wa hadithi wamezitilia udhaifu. Mwaka 2007, baada ya kufa msichana mmoja huko Misri akiwa mikononi mwa daktari, si ngariba, Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar lilitangaza kwamba kitendo hicho hakina msingi katika sharia, na Mufti wa Misri wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, akasema ni haramu. Sheria ya Misri ilifuata mwaka 2008. Na Bunge la Kenya lilipoipitisha ile ya 2011, miongoni mwa sauti zilizoisukuma ilikuwamo ya Bi Sophia Abdi Noor, mwanamke Mwislamu wa kutoka Garissa, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa. Yeye pia aliikabili mila ya kwao mbele ya watu wa kwao, na mwaka 2017 watu wa Ijara wakampa kura wakamrudisha Bungeni. Atakayesema kwamba kusema kweli humfukuza mtu kwao, na autazame uchaguzi huo.

Kwa Ogembo, naona anayerudi hana silaha kubwa kuliko binti yake mwenyewe. Mama aliyesoma, akaenda kwao Desemba na binti wa miaka 12 ambaye hajakatwa, akalala naye chumba kimoja, akamwambia bibi waziwazi kabla ya chai kupoa kwamba mtoto huyu haguswi, amefanya jambo gumu kuliko kuhutubia. Atasemwa. Ataulizwa nani atamwoa. Na hapo ndipo anapohitaji mwanamume, kwa kuwa swali hilo mwanamke hawezi kulijibu peke yake. Lajibiwa na baba, na kaka, na yule kijana wa Kigusii atakayesema mbele ya mama yake kwamba atamwoa aliye mzima. Mradi wa Fulda-Mosocho, ulioanza mwaka 2002 katika Gusii, uliliona hilo mapema, ukawaketisha kina baba pia, sio kina mama pekee, kwa kuwa baba anayesema hayo ni ya wanawake ameshatoa ruhusa.

Nasi tulio majirani tuna sehemu yetu, wala haihitaji kumdharau mtu. Mwalimu wa darasa anaweza kumwuliza kwa upole mwanafunzi anayesafiri kama ana hofu yoyote. Mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuzungumza kabla ya safari, baba kwa baba, kama wanavyozungumza juu ya kodi. Na mtoto mwenyewe, awe wa Kigusii au wa Kiorma, anaweza kufundishwa nambari moja ya kukariri: simu ya taifa ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo, na hupokewa usiku na mchana.